Mwendo Wako kwa Mguu Wangu

Mpendwa mtani wangu Mwanahawa,

Wamekuzika bila ruhusa yangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote, na kwa sababu ungekuwa wewe ndiye uliyebaki na mimi ndiye niliyekwenda, usingeanza na salamu. Ungeanza na ugomvi.

Barua hii naiacha wazi. Atakayeisoma na aisome, awe Mtanzania mwenzetu wa hapa Stockholm au mmoja wa wale rafiki zetu Wakenya waliokuwa wakitutazama tukitukanana mezani, wasijue waamulie au waendelee kula. Kwa asiyejua, mimi ni Mnyamwezi wa Tabora na wewe ni Mzaramo wa Kisarawe. Babu zangu walikuwa wapagazi, walibeba pembe na mizigo mingine kwa miguu mpaka pwani, na njia yao ilipita kwenu. Huko ndiko watu wetu walikozoeana mpaka wakawa watani. Mzaramo anaweza kumkashifu Mnyamwezi mchana kweupe na Mnyamwezi haruhusiwi kukasirika, na vivyo hivyo kinyume chake. Na mmoja akifa, mtani wake anakuja msibani, anazuia jeneza lisitoke mlangoni, anamwigiza marehemu, anawachekesha waliolia mpaka sauti zikawakauka. Kisha ndipo anatoa ruhusa, na watu wanakwenda kuzika.

Mimi sikuwepo kutoa ruhusa. Barua ya kaka yako Ramadhani ilinifikia Norsborg siku kumi na mbili baada ya wewe kufukiwa.

Tulikutana kwenye darasa la Kiswidi, mwaka wetu wa kwanza, wakati bado tunavaa makoti ya kuazima. Uliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Tabora. Hukusema karibu wala habari za huko. Ulinitwika mkoba wako wa vitabu mikononi ukasema, "Afadhali. Mpagazi kapatikana." Niliubeba mpaka kituo cha treni huku nacheka, mara ya kwanza kucheka kwa sauti tangu niteremke kwenye ndege. Mimi nilikuja kusomea uuguzi, wewe ulikuja kujifunza ushonaji wa kiwandani, na tangu siku ile hukuwahi kuniita Kalunde. Uliniita Mpagazi mbele ya watu na pembeni. Na mimi nikawa nakungoja, maana katika miaka yote niliyokujua hukuwahi kufika mahali kwa wakati. Tukipatana saa nane, ulikuwa unatoka kwako saa tisa, tena unarudi kuchukua mtandio.

Siku ya cherehani unaikumbuka. Ulikuwa unahamia chumba kipya Vällingby, nami nilikuwa nakaa huko huko, dakika kumi kwa miguu. Masanduku mawili tulishayafikisha. Ilibaki ile cherehani yako ya mkono ndani ya kasha lake la mbao, na mshikio wa kasha ulikuwa umekatika. Uwanja wa madukani, ule wenye mawe yaliyopangwa kwa mviringo, ulikuwa umeganda barafu chini ya theluji mpya. Mtu mwenye akili zake angekwenda kuomba kigari. Wewe ulisimama mikono kiunoni, ukalitazama kasha, ukanitazama mimi, ukasema, "Kikasha tu hicho. Babu zako wangelia."

Mswidi angecheka akaita teksi. Mkenya angekuuliza babu zake wanahusikaje. Lakini mimi ni Mnyamwezi, aliyesema ni Mzaramo, na mzigo uko pale chini. Ningekataa vipi? Nilivua skafu, nikaisokota kata, nikaiweka kichwani, nikainama. Ukanitwika kwa mikono yako mwenyewe. Na nilitembea vizuri, hilo nataka lijulikane. Nilipita duka la viatu, nikapita chemchemi iliyofungwa kwa ajili ya baridi, wazee wawili wakasimama kutazama, na wewe nyuma yangu unapiga vigelegele. Nikageuka kukujibu. Mguu wa kushoto ukabaki pale ulipokuwa na mimi nikaendelea.

Cherehani haikupata hata mkwaruzo kwa sababu uliidaka. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu hilo, kwamba kati ya rafiki na cherehani ulidaka cherehani, na kila mara ulikuwa unajibu kwamba cherehani ilikuwa na kazi ya kesho yake. Tulicheka sana juu yake baadaye. Lakini pale kwenye barafu hukucheka. Uliliweka kasha chini, ukapiga magoti kwenye theluji, ukavua koti lako ukanifunika, na midomo yako ilikuwa inatetemeka kuliko yangu.

Kifundo kilivunjika mahali pawili. Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa umekonda na hauna habari na mimi. Nikapelekwa kwa Gunnel, yule mama mrefu wa nywele fupi aliyekuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwenye chumba chake cha chini ya ardhi chenye ngazi za mbao ukutani na vyuma viwili virefu vya kushikia. Hapo katikati ya sakafu ndipo alipouweka ubao. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi umenishikia magongo, na ulikuwa wa kwanza kuuliza, "Hiki nacho nini?"

Kilikuwa ubao wa mviringo, upana wa sinia ya pilau, na chini yake nusu tufe la mti. Ukiukanyaga unalala upande mmoja, ukitaka kuuinua unalala upande wa pili. Gunnel alinieleza polepole kwamba mfupa umeunga, lakini kano zilizochanika zimeufanya mguu usahau mahali ulipo, na sasa lazima ufundishwe upya. Nisimame juu ya ubao, nisiruhusu ukingo wake uguse sakafu. Kwanza kwa miguu yote miwili huku nimeshika vyuma, halafu bila kushika, halafu kwa mguu wa kushoto peke yake. Nilipokutafsiria ulitikisa kichwa. Ulisema, "Hata kwenu Tabora mtoto hufundishwa kusimama mara moja tu."

Na hapo mchezo ulikuwa mbali nami. Mkuu wa masomo alikuwa ameshanieleza, kwa adabu zao zile zisizopandisha sauti, kwamba muuguzi husimama zamu nzima. Nikifika vuli nisiweze kusimama zamu nzima, masomo yangu yataishia hapo na nitarudishwa nyumbani. Nyumbani Tabora mama alikuwa ameshawaambia watu wa kanisani kwamba bintiye atarudi amevaa kofia nyeupe. Nilikuwa nalala na wazo hilo na kuamka nalo.

Ulikuja kila kipindi, Jumanne na Ijumaa, umechelewa kila kipindi. Ulikaa kwenye benchi, ukavua glavu, ukaanza. "Hebu muoneni huyu. Babu zake walitoka Tabora mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu kichwani, wakapita mlangoni kwa babu zangu wanatweta. Leo kiti cha mbuzi kisicho na mbuzi kinamshinda!" Nami nikiwa nayumba pale juu nakujibu kwamba babu zako waliwaona wakipita kwa sababu walikuwa wamelala barazani tangu asubuhi. "Walilala kwa sababu walikuwa na nazi," ulisema. "Weye ulikuwa na nini? Malengelenge." Gunnel alikuwa anasimama kando na karatasi yake, hajui neno hata moja, anatazama mimi nacheka na kuanguka, nacheka na kuanguka. Nadhani tangu mwanzo hakupenda.

Sasa nafika pale ninapotaka kupakwepa na siwezi. Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi yake nilikuwa nimepanda ngazi za kituo cha treni na kifundo kikanikataa mbele ya umati, nikakaa chini kwenye ngazi chafu watu wakinipita. Nilifika kwa Gunnel nikiwa nimeshalia njiani. Nilipanda ubao nikaanguka, nikapanda tena nikaanguka. Mara ya tatu nilipoanguka ulipiga makofi ukasema, "Mpagazi kaangusha mzigo tena!"

Na mimi nikakuambia, "Wewe ndiye uliyenivunja mguu. Ondoka."

Sikusema kwa utani. Wewe ulijua, na mimi nilijua. Tangu nizaliwe sijamwona mtu anamkasirikia mtani wake kwa dhati, na sikujua ingekuwaje mpaka nilipoifanya. Uso wako ulitulia. Uliyaweka magongo yangu ukutani, taratibu, moja halafu la pili, kama unamlaza mtoto. Ukavaa glavu zako.

Gunnel hakuhitaji tafsiri. Alimwona mgonjwa wake analia sakafuni na mgeni aliyekuwa anamcheka. Akaniuliza kwa Kiswidi, nawe umesimama pale pale, iwapo mtu huyu ananisumbua na iwapo nataka asiruhusiwe kuja tena. Nikajibu ndiyo. Ulikuwa umeshakijua Kiswidi vya kutosha kuelewa neno hilo. Ulitoka, na mlango ule mzito ukajifunga polepole kwa mashine yake, ukanipa muda mrefu sana wa kukuita.

Wiki tatu zilizofuata nilisifiwa. Gunnel alikuwa mwema kwelikweli, kila nikipanda ubao alisema "duktig," yaani hodari, na nikianguka alisema vilevile. Chumba kilikuwa kimya, saa ya ukutani tu inasikika. Nilikuwa naukazia macho mguu wangu, nauamrisha, nauomba, na kadiri nilivyoutazama ndivyo ulivyozidi kuyumba. Kabla yake nilikuwa nimefika kusimama muda wa kubishana nawe mara mbili tatu. Sasa sikufika hata kuvuta pumzi. Gunnel aliandika, akafuta, akaandika tena.

Kisha siku moja aliweka kalamu chini akaniuliza, "Yule mwenzako alikuwa anakuambia nini?"

Nilimweleza. Unajua Kiswidi changu cha siku zile. Nilimweleza wapagazi, na Bagamoyo, na nazi, na kiti cha mbuzi, na jinsi mtani asivyoruhusiwa kukasirika. Alisikiliza mikono imefungwa kifuani. Akasema, "Lakini alikucheka ulipoanguka." Nikasema hiyo ndiyo kazi yake. Akauliza kazi ya nani, aliyemwajiri nani. Nikasema amezaliwa nayo. Akasema kitu ambacho mpaka leo nawaambia wanafunzi wauguzi ninaowasimamia: "Ulipokuwa unamjibu, ulikuwa huutazami mguu. Mguu ukafanya kazi yake wenyewe." Akaniambia nimwite mwenzangu arudi.

Nikamwambia haiwezekani hivi hivi. Mtani aliyekasirika anatozwa faini, na faini ni kuku. Gunnel aliandika na hilo pia.

Kuku wa Vällingby ulikuwa unawajua. Nilimnunua mmoja aliyegandishwa, mgumu, bila kichwa wala miguu, ndani ya mfuko wa nailoni. Gongo moja mkononi, mkono wa pili unaogopa kukosa kitu cha kushika, kuku ningembeba wapi? Nikasokota kata ileile. Barafu ilikuwa imekwisha, imebaki changarawe waliyoimwaga msimu mzima watu wasiteleze, na nikauvuka uwanja uleule wa mawe ya mviringo na kuku kichwani, maji yakinitiririkia shingoni. Watu wa Vällingby ni wastaarabu, hawakunitazama, ila walinipa njia pana sana.

Ulifungua mlango ukanikuta hivyo. Sikusema neno, maana anayelipa faini hasemi. Uliangalia kuku, ukaangalia gongo, ukaangalia mguu. Nilingoja unicheke. Badala yake ulikaa chini pale pale kwenye kizingiti ukajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Ulisema kweli," ulisema. "Ndo maana sikuja. Siyo kwa sababu ya yule mama. Mashine yangu, neno langu. Miye nilikuwa nakuja kule kukucheka ili nisilie, nikirudi hapa nalia."

Nikakuambia mzigo niliinama mwenyewe kuuchukua. Nikakuambia nisamehe. Nikakuambia kwamba bila matusi yako mguu wangu hausimami, na kwamba hilo si utani, limeandikwa hospitali. Tulilia vizuri, mtani, mimi nimesimama na kuku kichwani kwa sababu nilishindwa kuinama kumtua. Mwishowe ulipangusa pua, ukanyoosha mkono ukamgusa kuku, ukasema, "Huyu kafa kwa baridi. Faini ya maiti iliyoganda siipokei. Mtie ndani tumhukumu." Tulimchemsha mpaka jioni na bado alikuwa mgumu. Ulimtia ile nazi kavu ya paketi uliyokuwa umeificha kwa ajili ya Idi, na ukanilaumu kwamba nimekumalizia.

Ijumaa iliyofuata Gunnel alikufungulia mlango mwenyewe na kukuwekea kiti karibu na ubao. Ulikifikia baada ya nusu saa. Kuanzia hapo sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo: jinsi Gunnel alivyokuwa akisema "sasa mguu wa kushoto peke yake" halafu anakugeukia wewe kama kiongozi wa bendi anayemwonyesha mpiga zumari zamu yake. Jinsi ulivyodai kuupanda ubao mwenyewe ili uonyeshe mfano, ukatupwa mpaka kwenye ngazi za ukutani, na Gunnel, mwanamke yule asiyecheka kazini, akageukia dirisha.

Na ile siku. Nilipanda kwa mguu wa kushoto, mikono nimeilegeza, nawe ukaanza na babu zangu, ukaja kwa baba yangu, ukapita kwenye ugali wetu na asali yetu na namna tunavyovaa, na mimi najibu tu, najibu. Kisha ukasita. Ulifungua mdomo ukaufunga. Ulikuwa umeishiwa. Mzaramo kaishiwa na maneno na Mnyamwezi bado yuko juu ya ubao! Nilishuka kwa hiari yangu. Vuli ilipofika nilisimama zamu nzima, mchana kutwa, na zamu iliyofuata, na nyingine baada yake. Mama alipata picha ya kofia nyeupe. Mpaka leo kila nikisimama kando ya kitanda cha mgonjwa nasimamia mguu ulionirudishia.

Miaka ilikwenda. Nikaolewa, nikamzaa Neema, ambaye ulimbeba mgongoni kwa kanga katikati ya madukani na yeye akawa anakuita mama mkubwa. Treni ya chini ilipofikishwa Norsborg tukahamia huko, wewe ukapata nyumba Hallunda, kituo kimoja tu kutoka kwetu, na kwa kituo kimoja hicho ukawa unachelewa saa nzima. Gunnel alipopata vifaa vipya alinipa ule ubao wa zamani. Niliuweka chini ya kitanda.

Halafu mama yako akaanza kuugua, nawe ukaamua kurudi Kisarawe. Siku ya kufunga mizigo tulikuwa jikoni kwako Hallunda, kabati zote wazi. Uliivua kanga uliyokuwa umejifunga, ile nyekundu iliyofifia, ukanitupia. Ukasema bila kunitazama, "Nikitangulia, uje ulale mlangoni. Wasinitoe mpaka uuige mwendo wangu. Tena uige sawasawa, usije ukanichechemea mbele za watu." Nikakuahidi. Nilikuahidi kirahisi kwa sababu nilidhani tuna miaka arobaini mbele yetu.

Ramadhani ameandika kwamba ulilala siku nne tu. Ameandika kwamba watani walikuja, Wanyamwezi wa pale karibu, wakazuia jeneza, mmoja akaigiza kukohoa kwako, mwingine akaigiza unavyohesabu mishono. Mwendo wako uliwashinda wote. Mama yako, mgonjwa vile vile, aliinua kichwa akauliza, "Mnyamwezi wake wa Ulaya yuko wapi?" Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara najibu kwa sauti: yuko Norsborg, anafungua mlango wa friji, hana habari.

Nilihesabu siku. Arobaini yako ilikuwa haijafika. Nikaingiza mkono chini ya kitanda nikauvuta ubao.

Maana mwendo wako, mtani, si mchezo. Ulikuwa unaweka uzito wote kwenye mguu wa kushoto, unatulia hapo, nyonga inazunguka kwanza kwa starehe zake, ndipo wa kulia unafuata ukiburuza kandambili. Anayetaka kuuiga lazima asimame kwa mguu wa kushoto kila hatua, bila haraka. Na mguu wangu wa kushoto umesimama zamu nyingi tangu siku zile. Siku hizi kifundo huvimba, na mwaka huu kimenisaliti mara mbili kwenye ngazi. Ningejaribu mwendo wako ningechechemea, na hilo ulinikataza.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya kwenda kazini, niliuweka ubao jikoni nikaupanda. Nikaanguka mara moja, nikajishika kwenye sinki. Na hakuna aliyecheka. Sikuwa nimelia tangu barua ifike, nilikuwa najiuliza mimi ni mtu gani. Kumbe nilikuwa nangoja kuanguka na kusikia kimya. Nililia nikiwa nimeshika sinki, koti la kazi limeshavaliwa.

Kesho yake nilipanda tena, na nikafanya kazi yako. Nilijitukana mwenyewe kwa sauti yako. "Hebu muoneni, Mpagazi kazeeka, kibao kinamtupa." Nikajijibu. Nikakusingizia maneno ambayo hukuwahi kuyasema, na mengine naamini ungeyapenda. Baba Neema alichungulia, akaona mkewe anagombana na marehemu juu ya ubao, akarudi chumbani. Nilifanya hivyo kila asubuhi mpaka arobaini.

Siku yenyewe nilipika pilau, nikawasha udi, jirani yetu Mwislamu akatusomea dua, na mimi Mkristo nikaitikia pamoja na wageni. Nilimwalika Gunnel kwa sababu ni yeye tu hapa aliyekujua siku za mwanzo. Amestaafu sasa, anatembelea fimbo, na alikaa wima kwenye sofa, miguu pamoja, akidhani msiba wetu ni kama wao. Dua ilipokwisha niliingia chumbani, nikajifunga kanga yako, nikavaa kandambili. Nikalala kwanza kwenye kizingiti cha mlango wa mbele kama ulivyoagiza, nikakaa pale kidogo. Kisha nikainuka nikatembea ukumbi wote mpaka dirishani. Uzito kushoto. Nikatulia. Nyonga ikazunguka. Wa kulia ukafuata kwa hiari yake. Sikuchechemea hata hatua moja.

Nilipogeuka Neema alikuwa amesimama. Yeye, tukimsemesha Kiswahili, hutujibu Kiswidi, tumeshazoea. Alininyooshea kidole, macho yamemtoka, akasema kwa Kiswahili, "Mama mkubwa!" Na Gunnel akapasuka kicheko. Alijiziba mdomo haraka, kwa aibu, mwanamke yule aliyewahi kukutoa mlangoni kwa kosa hilohilo. Nikamwambia acheke. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka, na machozi yakamtoka, na sote tukawa hivyo, hujui nani analia na nani anacheka. Mwambie mama yako, kama wafu huwatembelea walio hai, kwamba Mnyamwezi wako alikuwepo.

Basi, Mwanahawa. Wewe uliyechelewa darasani, ukachelewa kwa Gunnel, ukachelewa harusini kwangu na karibu uachwe na ndege yako, hili moja ndilo uliloona uwahi. Sikusamehi kwa hilo, wala usiniombe. Lakini mwendo wako nimeuonyesha, umetambulika, na mlangoni nimeshainuka.

Haya. Ruhusa nimeitoa. Sasa wanaweza kukuzika.

Mtani wako,
Mpagazi